Msamaha na Ekaristi katika Mafundisho ya Kanisa Katoliki: Mafunzo kutoka Rwanda baada ya 1994

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya msamaha na Ekaristi Takatifu katika mafundisho ya Kanisa Katoliki, na kuyapima mafundisho hayo kwa hali ya Rwanda baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Katika mijadala ya upatanisho katika ukanda wa Maziwa Makuu, mara nyingi hudhaniwa kwamba mtu akishapokea Komunyo mbele ya jumuiya, basi amekwisha kusamehewa na mambo yamekwisha. Makala yanaonesha kwamba mafundisho yenyewe hayasemi hivyo. Ekaristi huondoa dhambi nyepesi na kumkinga mwamini na dhambi za mauti, lakini haichukui nafasi ya Sakramenti ya Kitubio, haimlazimishi aliyeumizwa kusamehe, wala haifuti madai ya haki. Hoja kuu ni kwamba kosa moja huwa na wadai watatu, yaani Mungu, aliyekosewa na jamii, na kwamba sera yoyote ya upatanisho inayomlipa mmoja kwa fungu la mwingine haidumu. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa washauri wa sera na viongozi wa dini.

Maneno muhimu: Ekaristi, Kitubio, msamaha, upatanisho, Gacaca, Rwanda

1.0 Utangulizi

Kati ya Aprili na Julai 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, Rwanda ilishuhudia mauaji ya kimbari ambamo jirani alimuua jirani. Kwa kuwa Wanyarwanda wengi walikuwa Wakatoliki, mara nyingi muuaji na aliyeuawa walikuwa wamebatizwa katika kisima kimoja na kupokea Komunyo kwenye altare moja. Watu walikimbilia makanisani wakiamini kwamba hakuna atakayethubutu kumwaga damu humo. Huko Nyamata, Ntarama, Nyarubuye, Kibeho na Nyange, makanisa hayo ndiyo yaliyogeuka machinjio. Padri mmoja wa Nyange, Athanase Seromba, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda mwaka 2006, na mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ikamhukumu kifungo cha maisha.

Baada ya mauaji, Misa ziliendelea. Manusura waliopoteza familia nzima waliketi benchi moja na jamaa za waliowaua, na kuanzia mwaka 2003, wafungwa walipoanza kuachiliwa kwa wingi, wakaketi na wauaji wenyewe. Swali likawa zito: je, aliyeua anaweza kupokea Mwili wa Kristo akiwa mbele ya mjane aliyemfanya mjane? Akiupokea, Kanisa linakuwa limemwambia nini mjane yule?

Swali hili ni la kiteolojia, lakini halikomei kwa wanateolojia. Katika Rwanda, Burundi, Kongo na Uganda, dini imeshirikishwa katika mipango ya serikali na mashirika ya kurejesha amani. Mshauri wa sera asiyejua Kanisa linafundisha nini hasa kuhusu msamaha anaweza kulidai lifanye lisichoweza kufanya, au akaacha kulidai lile ambalo mafundisho yake yenyewe yanalilazimisha kufanya.

2.0 Neno "kusamehe" na wadai watatu

Kiswahili kinatupa mahali pazuri pa kuanzia. Kitenzi "kusamehe" hutumika kwa kosa na kwa deni vilevile. Mwenye duka humsamehe mteja deni, serikali hutoa msamaha wa kodi, rais hutoa msamaha kwa wafungwa. Katika matumizi yote haya kanuni ni moja: anayesamehe ni yule anayedai. Jirani hawezi kusamehe deni la duka lisilo lake.

Tukilitazama kosa la mauaji kwa kanuni hii, tunawaona wadai watatu. Wa kwanza ni Mungu, ambaye sheria yake imevunjwa. Wa pili ni aliyekosewa pamoja na jamaa zake. Wa tatu ni jamii, ambayo amani yake imeharibiwa na ambayo huwakilishwa na dola na, kwa waamini, na Kanisa pia. Msamaha wa mdai mmoja haufuti dai la mwingine. Mtu anaweza kuwa amesamehewa na Mungu na bado akawa na kifungo cha kutumikia. Anaweza kuwa amemaliza kifungo na bado hajasamehewa na mjane. Mkanganyiko mwingi katika mijadala ya upatanisho hutokana na kutotenganisha mambo haya matatu.

Istilahi za Kanisa zinasaidia kuyatenganisha. "Ondoleo la dhambi" ni tendo la Mungu. "Msamaha" huweza kuwa wa Mungu au wa mwanadamu. "Malipizi" ni wajibu wa mkosaji baada ya kuondolewa dhambi. "Upatanisho" ni hali ya uhusiano uliorejeshwa, nao huhitaji pande zote mbili. Mtu mmoja anaweza kusamehe peke yake moyoni. Hawezi kupatana peke yake.

3.0 Ekaristi na ondoleo la dhambi

3.1 Fumbo lenyewe

Katika simulizi ya Karamu ya Mwisho kwa mujibu wa Injili ya Mathayo, Yesu anaitaja damu yake kuwa inamwagwa kwa ajili ya ondoleo la dhambi. Hapa ndipo swali la wengi linapoanzia: ikiwa damu hiyo ndiyo inayopokewa katika Ekaristi, kwa nini Kanisa limtake mwenye dhambi aungame kwanza? Je, haitoshi kuipokea?

Mtume Paulo, katika sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, analiweka onyo kando ya zawadi: anayekula na kunywa isivyostahili anajiletea hukumu, hivyo kila mtu ajipime kwanza. Didake, maandiko ya Kikristo ya zama za mwanzo kabisa, inaagiza waamini waungame makosa yao kabla ya kuumega mkate siku ya Bwana, na wenye ugomvi wasijiunge na wengine hadi wapatane. Kwa hiyo tangu awali meza ilikuwa na mlango.

3.2 Thomas wa Akwino na Mtaguso wa Trento

Katika karne ya 13, Thomas wa Akwino alilijibu swali hili kwa kutofautisha nguvu ya sakramenti na hali ya mpokeaji. Ekaristi kwa yenyewe ina uwezo wa kuondoa dhambi zote, kwa kuwa chimbuko lake ni mateso ya Kristo. Lakini sakramenti hii imetolewa kama chakula, na chakula humfaa aliye hai. Anayejijua kuwa katika dhambi ya mauti ni kama aliyekufa kiroho. Upungufu hauko katika chakula bali kwa anayelishwa. Dhambi nyepesi ni jambo jingine: hizo hupunguza joto la upendo bila kuuzima, na Ekaristi huuchochea upendo huo upya na kuziondoa.

Mtaguso wa Trento ulilithibitisha fundisho hilo. Katika kikao cha 13, mwaka 1551, uliieleza Ekaristi kuwa dawa inayotukomboa na makosa ya kila siku na kutukinga na dhambi za mauti. Ukakataa pia wazo kwamba tunda kuu la Ekaristi ni ondoleo la dhambi, na ukaagiza kwamba anayejitambua kuwa na dhambi ya mauti aungame kabla ya kupokea. Katika kikao cha 22, mwaka 1562, Mtaguso uleule ulifundisha kwamba Misa ni sadaka ya upatanisho kwa ajili ya wazima na wafu, na kwamba kwa sadaka hiyo Mungu hutoa neema na karama ya toba, na husamehe hata makosa makubwa.

Vikao hivi viwili vinaweza kuonekana kupingana, lakini havipingani. Neno linaloviunganisha ni "karama ya toba". Misa humwombea mkosaji moyo wa kutubu. Moyo huo humpeleka kwenye Kitubio. Kitubio humrejesha kwenye meza. Kwa hiyo muuaji anayehudhuria Misa bila kupokea Komunyo hayuko nje ya neema ya Misa. Huenda yuko katika hatua yake ya kwanza.

3.3 Katekisimu na Sheria ya Kanisa

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inarithi fundisho hili katika namba 1393 hadi 1395. Inaeleza kwamba Ekaristi haikuwekwa kwa ajili ya kusamehe dhambi za mauti, kwani hiyo ni kazi ya Sakramenti ya Upatanisho, na kwamba Ekaristi ni sakramenti ya walio katika ushirika kamili na Kanisa. Namba 1459 inaongeza jambo ambalo washauri wa sera wanapaswa kulizingatia: ondoleo huifuta dhambi, lakini halitengenezi madhara yote yaliyoletwa na dhambi hiyo. Aliyeiba arudishe, aliyechafua jina la mtu alisafishe, aliyejeruhi afidie. Kwa lugha ya sehemu ya 2.0, msamaha wa mdai wa kwanza humtuma mkosaji kwa mdai wa pili.

Kanuni ya 916 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inamkataza mwenye dhambi kubwa kupokea Komunyo kabla ya kuungama, isipokuwa kuna sababu nzito na hakuna nafasi ya kuungama. Hata hapo ni lazima awe na majuto kamili, pamoja na nia ya kuungama mapema iwezekanavyo. Kanuni ya 983 inailinda siri ya maungamo pasipo kuacha mwanya wowote. Maelezo ya Idara ya Toba ya Kitume ya mwaka 2019 yalifafanua zaidi kwamba muungamishi hawezi kuweka sharti la kujisalimisha kwa vyombo vya dola ili atoe ondoleo, ingawa anatakiwa kudai majuto ya kweli na nia thabiti ya kubadilika.

4.0 Msamaha katika mpangilio wa Misa

Misa yenyewe imesukwa kwa nyuzi za msamaha: tendo la toba mwanzoni, Sala ya Bwana inayofunga msamaha tunaoomba na ule tunaoutoa, kupeana amani, na wimbo wa Mwanakondoo kabla ya Komunyo. Katika Misa ya Kirumi kama inavyoadhimishwa kwa kawaida, kupeana amani huja karibu kabisa na Komunyo, muda mrefu baada ya tendo la toba.

Misale ya Kirumi kwa Majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 na ambayo inatumika katika Kongo, ilipanga kwa namna nyingine. Tendo la toba huja baada ya Neno la Mungu kutangazwa na kuhubiriwa. Waamini hukiri makosa yao, hunyunyiziwa maji ya baraka, kisha papo hapo hupeana amani, ndipo vipaji hupelekwa altareni. Mantiki yake ni ya wazi. Neno huonesha kosa, kosa hukiriwa, ndugu hupatana, na sadaka hutolewa. Ni agizo la sura ya 5 ya Injili ya Mathayo lililotiwa katika mwendo wa ibada: mwenye kutoa sadaka akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno naye, aiache mbele ya altare, akapatane kwanza.

Ikumbukwe kwamba agizo hilo linamlenga mkosaji. Halisemi kwamba aliyekosewa aache sadaka yake amtafute aliyemkosea. Anayepaswa kuinuka na kutembea ni yule ambaye ndugu yake ana neno naye. Mahubiri yanayowasukuma manusura kusamehe haraka ili "waweze kuabudu vizuri" yanaligeuza andiko hilo kichwa chini.

5.0 Rwanda: meza, hukumu na mjane

5.1 Altare iliyonajisiwa

Kanuni ya 1211 inaeleza kwamba mahali patakatifu hunajisiwa kwa matendo mazito ya madhara yanayowakwaza waamini, na kwamba ibada haziruhusiwi humo hadi pasafishwe kwa adhimisho la toba. Kanisa la Nyamata halikurudishwa kwenye ibada. Limebaki kumbukumbu ya mauaji, na mwaka 2023 liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na Murambi, Gisozi na Bisesero. Makanisa mengine yalirejea kwenye Misa. Njia zote mbili zina maana ya kiteolojia: moja inasema jeraha lisifunikwe, nyingine inasema dhambi isiwe na neno la mwisho juu ya altare.

5.2 Gacaca na toba ya hadharani

Mahakama za Gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002 na kufungwa rasmi Juni 2012, zilishughulikia mashauri zaidi ya milioni 1.9. Mshitakiwa aliyekiri, kueleza ukweli na kuomba msamaha alipunguziwa adhabu. Hapa dola ililiingiza neno la toba katika utaratibu wa sheria, na mipaka ya madai ikaanza kufifia: mtu aliweza kuomba msamaha ili apunguziwe miaka.

Kanisa lilikuwa limeanza mchakato wake kabla ya hapo. Katika maandalizi ya Jubilei ya 2000, majimbo ya Rwanda yaliendesha sinodi maalumu ambamo waamini walikutana katika jumuiya kuzungumzia ukabila na mauaji, mchakato uliokuja kuitwa Gacaca ya Kikristo. Tofauti yake na mahakama ilikuwa kwamba haikutoa adhabu wala kupunguza adhabu. Udhaifu wake ulitokana na jambo hilohilo: ukweli ulitegemea hiari ya msemaji.

5.3 Parokia ya Mushaka

Mfano uliokwenda mbali zaidi ni wa Parokia ya Mushaka, Jimbo la Cyangugu, chini ya Padri Ubald Rugirangoga, ambaye mwenyewe aliwapoteza mama yake na jamaa wengi katika mauaji na ambaye alifariki mwaka 2021. Walioshiriki katika mauaji na kutoka gerezani hawakurudishwa moja kwa moja kwenye Komunyo. Walitakiwa kuwaendea jamaa za waliowaua na kuomba msamaha, wakafuata mafundisho kwa miezi kadhaa, kisha wakapokewa tena mbele ya jumuiya. Manusura nao walikuwa na mafundisho yao.

Je, utaratibu huu unagongana na siri ya maungamo au na yale maelezo ya 2019? Jibu ni hapana, na sababu yake inahitaji kuwekwa wazi. Makosa ya watu hawa hayakujulikana kwa njia ya maungamo. Yalikwisha kukiriwa au kuthibitishwa hadharani. Padri hakufichua lolote. Kilichofanyika ni kuihuisha nidhamu ya Kanisa la kale, ambapo waliotenda dhambi nzito zilizojulikana waliingizwa katika kundi la watubu, wakakaa nje ya Komunyo kwa muda, na kupatanishwa na askofu, huko Roma siku ya Alhamisi Kuu. Dhambi ya hadharani hudai toba ya hadharani.

Faida yake ni kwamba wadai wote watatu wanatambuliwa. Mahakama ilikwisha kutoa hukumu, Kitubio kinabaki faraghani kati ya mtubu na Mungu, na mjane anaendewa nyumbani kwake kabla ya kumwona muuaji akinyoosha mikono kupokea Hostia. Hatari yake ni kwamba mjane anaweza kujiona amebanwa: akikataa, ataonekana ndiye anayemzuia mwenzake kufika mezani. Kwa hiyo sharti lazima liwe kuomba msamaha, si kupewa. Aliyeomba kwa unyofu na kukataliwa ametimiza wajibu wake. Aliyekataa kwa kuwa jeraha bado bichi hajatenda kosa dhidi ya jumuiya.

5.4 Kanisa lenyewe mbele ya altare

Tarehe 20 Novemba 2016, Jubilei ya Huruma ilipofungwa, maaskofu wa Rwanda walitoa tamko lililosomwa parokiani, wakiomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki mauaji ya kimbari, wakiwamo viongozi wa Kanisa. Serikali iliona tamko hilo halitoshi, kwa kuwa liliyasemea makosa ya watu binafsi kuliko ya taasisi. Tarehe 20 Machi 2017, Papa Fransisko, akimpokea Rais Paul Kagame, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watu wake. Mabishano hayo yanaonesha kwamba utaratibu unaodaiwa kwa mwamini mmoja, yaani kutaja kosa, kujuta na kufidia, hudaiwa pia kwa jumuiya inayoadhimisha Ekaristi.

6.0 Ekaristi ni ukumbusho

Wahenga walisema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hii hutumiwa mara nyingi katika vikao vya suluhu, na katika ugomvi wa kawaida ina busara yake. Katika mauaji ya kimbari ni hatari, kwa sababu hapo yaliyopita ni ndwele kweli, na isiyogangwa huambukiza kizazi kinachofuata.

Ekaristi haifuati mantiki ya methali hiyo. Amri inayoianzisha ni amri ya kukumbuka. Kila Misa humkumbuka mtu asiye na hatia aliyesalitiwa na mwenzake wa mezani, akahukumiwa kwa mashitaka ya uongo, akauawa huku umati ukitazama. Hata baada ya kufufuka, Injili zinamwonesha akiwa na alama za majeraha mwilini. Hivyo msamaha unaotolewa katika meza hii haufuti kumbukumbu. Unatolewa na yule anayekumbuka. Manusura anayehifadhi majina ya wafu wake na kudai ukweli kuhusu walikozikwa hafanyi jambo lililo kinyume cha Ekaristi.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, msamaha wa manusura usifanywe kigezo cha kupima mafanikio ya mradi au sera. Kinachoweza kupimwa kwa haki ni matendo ya mkosaji: ukweli uliosemwa, mali iliyorudishwa, fidia iliyolipwa. Sehemu kubwa zaidi ya mashauri ya Gacaca ilihusu mali, na Katekisimu inadai urejeshaji huohuo. Hapa dola na Kanisa vinaweza kusaidiana bila kuingiliana.

Pili, siri ya maungamo iheshimiwe kisheria, na wakati huohuo Kanisa lisiitumie kama kisingizio cha kunyamazia yale linayoyajua kwa njia nyingine, kama vile kumbukumbu za parokia au ushuhuda wa watumishi wake.

Tatu, kwa kuwa waliohukumiwa vifungo virefu wanaendelea kumaliza adhabu zao, majimbo yawe na utaratibu unaojulikana wa kuwapokea, wenye muda wa kutosha, ziara kwa waliokosewa kwa ridhaa yao, na msaada wa kisaikolojia kwa pande zote. Parokia moja haipaswi kubuni peke yake.

Nne, Wosia wa Kitume Africae Munus, uliotiwa saini na Papa Benedikto wa 16 huko Ouidah mwaka 2011, ulipendekeza kila nchi ya Afrika iwe na siku au wiki ya upatanisho kila mwaka, hasa katika Majilio au Kwaresima. Mabaraza ya maaskofu ya ukanda huu yanaweza kulitekeleza pendekezo hilo kwa pamoja, kwa kuwa wakimbizi na majeraha yamevuka mipaka.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mafundisho ya Kanisa Katoliki hayaifanyi Ekaristi kuwa njia ya mkato ya kuifikia amani. Yanaifanya kuwa kilele cha safari yenye hatua: kutambua kosa, kutubu, kuungama, kumwendea aliyekosewa, kufidia, kisha kuketi mezani. Hatua yoyote ikirukwa, anayelipia ni mwenye sauti ndogo kuliko wote, yaani manusura aliye benchi la nyuma. Mshauri wa sera anayetaka kujua kama upatanisho katika parokia fulani ni wa kweli asihesabu waliopanga mstari kwenda kupokea. Aulize kama yule mjane aliendewa nyumbani kwake, kama aliambiwa wafu wake walizikwa wapi, na kama aliachiwa uhuru wa kusema, "Bado."